Kuumba Pasipo Kitu: Kilichomo Katika Mwanzo 1 na Kisichomo

Muulize Mkristo Mungu aliumba ulimwengu kwa kitu gani, naye atajibu upesi: hakutumia kitu, alisema tu, vikawa. Muulize limeandikwa wapi, atafungua Mwanzo 1:1: "Hapo mwanzo Mungu aliziumba mbingu na nchi." Asiifunge Biblia hapo. Aya ya 2 inaonyesha nchi iliyo "ukiwa, tena utupu", giza, na vilindi vya maji, na Mungu bado hajatamka neno. Amri ya kwanza inakuja katika aya ya 3, nayo ni ya nuru. Aya ya 6 inaweka anga kati ya maji na maji. Aya ya 9 inayakusanya maji mahali pamoja. Soma sura nzima, hutakuta Mungu akisema, "Na yawe maji." Maji yapo tu.

Kutokana na hilo pande mbili zimebishana kwa karne nyingi. Wa kwanza wanasema Mungu aliumba vyote bila kutanguliwa na kitu chochote. Huu ndio msimamo wa Wakatoliki, wa Waorthodoksi na wa makanisa mengi ya Kiprotestanti. Wa pili wanasema Mungu aliipanga na kuitia sura maada iliyokuwapo, maada ikiwa na maana ya ule mkusanyiko wa vitu ambao bado haujawa kitu fulani. Kwa maoni yangu wa kwanza wana haki. Tatizo ni kwamba mara nyingi hujitetea kwa hoja iliyo dhaifu kuliko zote walizo nazo.

Hoja hiyo dhaifu ni ya kitenzi. Husemwa kwamba neno la Kiebrania bara maana yake ni "kuumba bila kitu". Ni kweli kwamba kitenzi hiki, katika kauli yake ya kawaida, hakina mtendaji mwingine katika Agano la Kale ila Mungu, na kwamba hakiambatanishwi na jina la malighafi. Lakini Mwanzo 1:27 inatumia bara kwa kuumbwa kwa mtu, na Mwanzo 2:7 inasema mtu huyo alifanywa kwa mavumbi ya ardhi. Zaburi ya 51 inaomba, "Ee Mungu, uniumbie moyo safi", kwa kitenzi kilekile, ilhali mwombaji alikuwa na moyo tayari, ila umechafuka. Kitenzi kinatuambia nani katenda, na kwamba alichotenda ni kipya. Kuhusu malighafi kinanyamaza, na kunyamaza si kukana.

Kiswahili nacho kinaongeza utata wake. Kuumba ni kitenzi cha umbo. Umbo, kiumbe na maumbile ni watoto wa shina moja, na wazo lililo karibu nalo ni la mikono inayokipa kitu sura. Watafsiri wa Union Version, Biblia ya Kiswahili inayotumiwa na wengi, walikutana na ugumu huu katika Isaya 45:7, ambapo Kiebrania kinaweka yatsar, kitenzi cha mfinyanzi, pamoja na bara. Yatsar wakaipa "kuumba", na kwa bara wakaazima neno lenye asili ya Kiarabu, "kuhuluku". Kwingineko "kuumba" hilohilo ndilo linalobeba bara. Kwa hiyo anayejenga fundisho zima juu ya neno "aliumba" la Kiswahili anajenga juu ya neno ambalo, kwa asili yake, liko karibu zaidi na udongo wa mfinyanzi.

Lipo pia kosa la "utupu". Wahubiri wengi husema Mungu aliumba ulimwengu "kutoka utupu". Katika Mwanzo 1:2 utupu ni hali ya nchi ambayo tayari ipo: haina mimea, haina wakazi, haina mpangilio. Ukisema Mungu aliumba kutoka utupu, msikilizaji makini atakuuliza kama ndio ule utupu wa aya ya 2, na ukikubali umeshahamia upande wa pili bila kujua. Heri kusema "pasipo kitu", hata kama haina mdundo.

Sarufi ya aya ya 1 yenyewe inasomeka kwa njia zaidi ya moja. Neno la kwanza, bereshit, kwa irabu tulizo nazo, halina kibainishi (kineno kama "the" ya Kiingereza), ni kama "katika mwanzo wa...". Katika kitabu cha Yeremia neno hilohilo linatokea mara kadhaa, na kila mara linafuatwa na jambo linaloanza, kama vile kumiliki kwa mfalme fulani. Ndiyo maana Rashi, mfasiri wa Kiyahudi aliyeishi kati ya 1040 na 1105, aliisoma hivi: Mungu alipoanza kuziumba mbingu na nchi, nchi ilikuwa ukiwa na utupu, ndipo akasema, "Iwe nuru." Kwa usomaji huo tendo la kwanza ni nuru, na maji yametangulia. Rashi mwenyewe alieleza kwamba aya hii haikuja kufundisha mfuatano wa uumbaji, kwa kuwa maji yanatajwa bila kusemwa yaliumbwa lini.

Hoja hii ni nzito, ila haimalizi mashauri. Isaya 46:10 ina neno "mwanzo" bila kibainishi, nalo linasimama peke yake bila kufuatwa na "wa". Alama za irabu ziliandikwa karne nyingi baada ya matini yenyewe. Na Wayahudi waliotafsiri Torati kwa Kigiriki karne ya 3 K.K. waliisoma aya ya 1 kama sentensi kamili inayojitegemea, kama Biblia zetu zinavyoisoma. Mtu mwaminifu akipima haya yote atasema Mwanzo 1 inaruhusu fundisho la kuumba pasipo kitu, lakini haimlazimishi msomaji kulikubali. Jambo ambalo sura hii inakazia bila utata ni lingine: maji na giza havimpingi Mungu. Katika masimulizi ya Babeli mungu Marduk anapigana na Tiamat wa bahari, anamuua na kumpasua vipande viwili ndipo anapata mbingu. Katika Mwanzo hakuna vita. Mungu anasema, maji yanatii.

Nje ya Mwanzo maandiko yanavuta huku na huku. Hekima ya Sulemani 11:17 inasema waziwazi kwamba mkono wa Mungu uliumba ulimwengu kutoka maada isiyo na sura. Wamakabayo wa Pili 7:28 inasema Mungu hakuvifanya vitu kutokana na vitu vilivyokuwako. Vitabu hivi viwili vimo katika Biblia ya Kikatoliki na ya Kiorthodoksi, kwa hiyo ugomvi huu umo ndani ya jalada moja. Upande wa pili hujibu kwamba Wagiriki walisema pia wazazi huwaleta watoto "kutoka kutokuwako", na hakuna aliyedhani mtoto huzaliwa bila malighafi. Ni jibu zuri. Waebrania 11:3 inasema vitu vinavyoonekana "havikufanywa kwa vitu vilivyo dhahiri". Mbishi atasema basi vilifanywa kwa vitu visivyo dhahiri. Andiko gumu kwake ni Yohana 1:3: "Vyote vilifanyika kwa huyo, wala pasipo yeye hakikufanyika cho chote kilichofanyika." Hapo mstari umechorwa kati ya Mungu na Neno lake upande mmoja, na vyote vilivyofanyika upande mwingine. Maada ya milele ingehitaji upande wa tatu, na Yohana hakuuacha wazi.

Hata hivyo Wakristo wa kwanza hawakuona hivyo mara moja. Yustino Mfiadini, katikati ya karne ya 2, aliandika bila wasiwasi kwamba Mungu alifanya vyote kutoka maada isiyo na sura, akadai mwanafalsafa Mgiriki Plato aliliokota wazo hilo kwa Musa. Hakuna aliyemwita mzushi. Mabadiliko yalikuja kati ya 170 na 210 hivi, na sababu yake ni mabishano kuhusu Mungu ni nani. Ugunduzi mpya wa sarufi haukuhusika. Theofilo, askofu wa Antiokia, mnamo 180, alisema kwamba kama maada haikuumbwa, basi haibadiliki na iko sawa na Mungu. Tena, fundi wa kibinadamu naye akipewa malighafi hutengeneza apendacho. Ukuu wa Mungu uko wapi? Ireneo, askofu wa Lyon, alisema yaleyale dhidi ya Wagnostiki, waliodai ulimwengu huu ulitengenezwa na nguvu ya chini iliyokosea.

Mshindani aliyestahili heshima kuliko wote ni Hermogene, mchoraji Mkristo ambaye mwandishi Mkristo Tertuliano wa Karthago aliandika kitabu kizima kumpinga. Hoja yake ilikwenda kwa hatua tatu. Mungu aliumba kutokana na nafsi yake, au pasipo kitu, au kutokana na kitu. Kutokana na nafsi yake haiwezekani, maana Mungu hagawanyiki, na vitu vingekuwa vipande vyake. Pasipo kitu haiwezekani pia, kwa sababu Mungu ni mwema. Kama kila kilichopo kimetoka katika mapenzi yake pekee, kila kitu kingekuwa chema, na tunaona ubaya. Basi aliumba kutokana na kitu, na ubaya ni ukaidi wa kitu hicho. Hermogene hakuwa akicheza na falsafa. Alikuwa akijaribu kumwondolea Mungu lawama ya mateso.

Jibu la Tertuliano lilikuwa na makali mawili. Kwanza, umilele ni sifa ya Mungu. Ukiipa maada umilele umeweka mungu wa pili. La pili lina nguvu zaidi: hata maada ikikubaliwa, lawama haiondoki. Mungu aliyetumia maada mbaya, ama alishindwa kuitengeneza, ama hakutaka. Akishindwa, ni dhaifu. Asipotaka, umerudi ulikoanzia. Nadhani hapa Tertuliano alishinda nusu tu. Alionyesha kwamba dawa ya Hermogene haiponyi, lakini hakuonyesha kwamba yeye mwenyewe ana dawa. Fundisho la kuumba pasipo kitu linabeba swali la ubaya kwa uzito wake wote, kwa kuwa halina mwingine wa kumsukumia.

Swali hilo ndilo linalofanya upande wa pili urudi kila kizazi. Joseph Smith, mwanzilishi wa Watakatifu wa Siku za Mwisho, alifundisha mwaka 1844 kwamba kuumba ni kupanga vitu vilivyopo. Wanateolojia waliomfuata mwanafalsafa Alfred North Whitehead, aliyechapa kazi yake kuu mwaka 1929, wanasema Mungu huushawishi ulimwengu bila kuulazimisha, na daima kuna kitu cha kushawishiwa. Wanachopata ni Mungu asiyehusika na kila janga. Wanachopoteza ni uhakika kwamba atashinda, na hasara hiyo inaniuma zaidi, maana Mungu wa namna hiyo anaweza kututakia mema na asiyafikie.

Kuna mambo yanayoharibika hata kwa wanaolishika fundisho hili, kwa sababu wamelishika vibaya. Kosa la kwanza ni kuifanya "pasipo kitu" kuwa kitu: ombwe kubwa lenye giza ambalo Mungu alichota humo. Mwanateolojia Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alikwisha kulitatua: kuumba pasipo kitu ni kuumba bila kutumia chochote. Kosa la pili ni kudhani habari yote ni ya siku ya kwanza. Thoma aliamini kwa imani kwamba ulimwengu ulianza, lakini alikataa kuwa akili inaweza kuthibitisha hilo. Alitaja mfano wa kale wa mguu uliokanyaga vumbi tangu milele: unyayo ungekuwapo tangu milele, na bado ungekuwa umefanywa na mguu. Kuumbwa ni kutegemea, wakati wote. Wakolosai 1:17 inasema vitu vyote "hushikana katika yeye", sasa hivi, wala si zamani tu. Ndiyo sababu si salama kuitumia nadharia ya wanasayansi ya mlipuko mkuu (Big Bang) kama uthibitisho. Georges Lemaître, padri na mwanafizikia aliyependekeza chanzo cha aina hiyo mwaka 1931, hakupenda nadharia yake ifanywe ushahidi wa fundisho la imani. Nadharia ya sayansi hueleza hali moja ikigeuka kuwa nyingine, nako kuumba pasipo kitu si kugeuka kwa hali yoyote.

Kosa la tatu ni kusahau mstari wa Yohana kati ya Muumba na viumbe. Ario, padri wa Aleksandria, alifundisha kwamba Mwana naye alitoka "katika yasiyokuwako". Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Nikea wa mwaka 325 ulilaani maneno hayohayo, na kanuni ya imani ikasema Mwana amezaliwa, hakuumbwa. Bila fundisho la kuumba pasipo kitu tofauti hiyo isingekuwa na makali: kungekuwa na ngazi ndefu kutoka kwa Mungu hadi kwenye jiwe, na kila mtu angemweka Kristo kwenye daraja alipendalo. Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215, ukiwajibu waliodai vitu vya mwili ni kazi ya nguvu mbaya, ulisema Mungu mmoja aliumba pasipo kitu viumbe vya roho na vya mwili pia.

Nirudi kwa Wamakabayo wa Pili, kwa kuwa huwa tunanukuu aya ya 28 tukaacha sura. Anayesema pale ni mama aliyekwisha kuona wanawe sita wakiuawa kwa mateso, na sasa amebaki na wa saba, mdogo kuliko wote, mbele ya mfalme Antioko. Anamwambia atazame mbingu na nchi, ajue kwamba Mungu hakuvifanya kutokana na vitu vilivyokuwako, kisha akubali kifo ili ampate tena pamoja na ndugu zake. Paulo anaunganisha mambo hayohayo mawili katika Warumi 4:17: Mungu ndiye "mwenye kuwahuisha wafu, ayatajaye yale yasiyokuwako kana kwamba yamekuwako." Upande wa pili unasema kweli kwamba mama yule hakuwa akitoa somo la falsafa kuhusu maada. Lakini mtengenezaji anayehitaji malighafi angekuwa na nini cha kumwahidi mwanamke yule, aliyekuwa hana cha kubakiza?