Virutubisho vya kisukari: kipi kina kazi, kipi ni hela ya bure

Wauzaji wa virutubisho vya kisukari wana hoja moja yenye uzito: hata metformin, kidonge wanachoanzishiwa wagonjwa wengi wa aina ya pili, chimbuko lake ni mmea. Ni kweli. Mmea huo, Galega officinalis, ulikuwa dawa ya kienyeji huko Ulaya. Ila wenyewe una sumu. Kilichoanza kutibu watu Ufaransa mwaka 1957 ni kemikali iliyotengenezwa maabara, yenye dozi inayojulikana.

Dozi ndiyo inayokosekana kwenye makopo mengi. Uwatu una nyuzinyuzi. Ule utelezi wake unapolowekwa huchelewesha sukari ya chakula kuingia kwenye damu, na tafiti ndogondogo zimeonyesha nafuu kiasi. Mdalasini ulivuma baada ya utafiti wa watu 60 nchini Pakistan mwaka 2003, lakini mapitio ya 2012 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, hayakukuta ushahidi wa kutosha. Kwenye chai hauna neno. Kumeza unga wake kwa vijiko kila siku ni jambo jingine, maana mdalasini wa kasia una kumarini, kemikali ya asili ambayo ikizidi huumiza ini.

Kirutubisho ninachokitetea kwa moyo wote hakipigiwi debe: vitamini B12. Metformin ikitumika kwa miaka hupunguza ufyonzwaji wake, na upungufu huo huleta ganzi na miguu kuwaka moto, dalili zilezile za mishipa ya fahamu iliyoharibiwa na sukari. Mgonjwa huambiwa “ni sukari hiyo”, akavumilia, kumbe kipimo cha damu kingeonyesha tatizo linalotibika.

Kinachonitisha ni dawa ya “asili” inayoshusha sukari ndani ya siku chache. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imekuta mara kadhaa bidhaa za aina hiyo zimechanganywa kwa siri na glibenklamidi (dawa ya hospitali ya kushusha sukari) au metformin. Anayetumia glibenklamidi ya hospitali akaongeza kopo kama hilo anameza dozi mbili bila kujua, na sukari inaweza kushuka kupita kiasi: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kuzimia.

Anayetaka kujaribu uwatu asiache vidonge, amwambie daktari, kisha alinganishe HbA1c (kipimo cha damu cha wastani wa sukari kwa takriban miezi mitatu) ya kabla na ya baada ya miezi mitatu. Na kama hela ni ya kitu kimoja tu, anunue vijiti vya kupimia sukari kwanza, kopo lisubiri.