Risasi Si Dawa ya Minyoo

Ukiupasua utumbo mwembamba wa mbweha mwekundu na kuutandaza juu ya sinia, mwanzoni huoni kitu. Ukuta wake umelowa, una rangi ya waridi iliyofifia, unaonekana mzima kabisa. Sogeza taa. Hapo vinaanza kujitokeza vijipunje vyeupe, vidogo kuliko punje ya mchele, vimeng'ang'ania ukuta kwa wingi kiasi kwamba unaacha kuhesabu. Vinaweza kufika maelfu. Kila kijipunje ni tegu kamili, ana kichwa chenye kulabu na pingili ambazo kwa kawaida hazizidi tano, na urefu wake ni milimita 2 hadi 4 tu. Aliyezoea kusikia kwamba tegu ni mnyoo wa mita kadhaa hupata shida kuamini. Na kabla mzoga huo haujapasuliwa, maabara huugandisha kwa siku kadhaa kwenye baridi ya nyuzi 80 chini ya sifuri, kwa sababu friza ya nyumbani haiyaui mayai ya tegu huyu.

(Kiswahili kina jina moja, mbweha, kwa wanyama zaidi ya mmoja. Hapa namsema yule mwekundu wa nchi za kaskazini, mwenye mkia mnene ulioishia kwa ncha nyeupe.)

Nimeanza na sinia hilo kwa sababu kila inapotoka habari kwamba mbweha wa mahali fulani wamekutwa na minyoo, neno la kwanza midomoni mwa watu ni lile lile: wauawe. Hofu yao naielewa. Mtu akimeza yai la tegu wa mbweha, lava, yaani mnyoo mchanga, hujipenyeza hadi kwenye ini na kukua humo kama saratani, polepole, miaka 5 hadi 15 bila dalili yoyote. Ugonjwa unapogundulika, tiba ni upasuaji ukiwezekana, pamoja na vidonge vya albendazoli kwa miaka mingi, pengine maisha yote. Asipotibiwa, mara nyingi mgonjwa hufa. Jambo hili si la kupuuzwa. Lakini kumuua mbweha kwa sababu hiyo ni kosa, na nasema hivyo nikiwa nawafikiria wanadamu kwanza, kabla hata ya mbweha.

Mbweha mwenyewe haumwi. Anakula panya wa mashambani ambaye ini lake limejaa lava, lava zinageuka tegu tumboni mwake, mayai yanatoka na kinyesi, panya mwingine anayala pamoja na majani, na mzunguko unaanza upya. Hugundui kitu kwa kumtazama mbweha usoni ukitafuta dalili. Manyoya yanang'aa, mbio ziko pale pale.

Si minyoo yote inamwachia nafuu hivyo. Watoto wa mbweha huzaliwa tayari wana minyoo ya mchango, maana lava zilizolala kwenye misuli ya mama huamka wakati wa mimba na kuvuka kondo la nyuma. Wapo pia minyoo wanaompata mbweha anapokula konokono, wakaenda kukaa kwenye mshipa mkubwa wa mapafu na upande wa kulia wa moyo. Hao nawachukia kweli. Mbweha aliyejaa minyoo ya moyo hukohoa, hukonda, na hakuna wa kumpeleka kwa daktari.

Turudi kwenye bunduki. Karibu na mji wa Nancy, Ufaransa, walijaribu. Kwa miaka minne mbweha waliwindwa usiku kwa bidii katika eneo moja, lengo likiwa kupunguza tegu. Idadi ya mbweha haikushuka. Kiwango cha maambukizi kilipanda, kutoka takriban asilimia 40 hadi 55, na matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Ukifikiri kidogo unaona sababu. Mbweha mzima mwenye himaya yake akiuawa, nafasi haibaki wazi. Vijana wanahamia, na vijana ndio wenye minyoo mingi zaidi, kwani miili yao bado haijajifunza kupambana nayo. Umeondoa mwenyeji mmoja mkongwe, umekaribisha wageni waliojaa mayai.

Najua nitatajiwa kisiwa cha Rebun, kaskazini mwa Japani. Ni hoja nzito na siikwepi. Miaka ya 1920 mbweha walipelekwa pale ili wale panya na watoe manyoya, wakaja na tegu, na baadaye zaidi ya watu 100 wakaugua. Mbweha na mbwa wa kisiwa wakaondolewa, na tegu akatoweka. Ndiyo, ilifaulu. Lakini Rebun imezungukwa na bahari, hakuna mbweha kijana wa kuja kwa miguu kujaza pengo. Bara hakuna ukuta wa namna hiyo.

Kinachofanya kazi bara tunakijua tangu vita dhidi ya kichaa cha mbwa. Ulaya ilipiga mbweha risasi na kufukiza mapango yao kwa gesi miaka mingi bila kuuzima ugonjwa. Mwaka 1978 Uswisi ikaanza kutawanya vichwa vya kuku vyenye chanjo ndani yake, mbweha wakala, na katika miongo iliyofuata kichaa kikafutika sehemu kubwa ya Ulaya Magharibi. Chambo kilishinda pale bunduki iliposhindwa. Kwa tegu, chambo hubeba prazikwanteli, dawa ile ile ya kichocho, na imejaribiwa kusini mwa Ujerumani na kisiwani Hokkaido, Japani, kwa mafanikio. Kasoro yake ni kwamba dawa si chanjo. Mbweha aliyetibiwa leo anaweza kula panya mgonjwa kesho. Chambo kinapaswa kurudiwa tena na tena, gharama ni kubwa, na kikisimamishwa tegu hurudi. Kwa hiyo ningeanzia pembezoni mwa miji, mahali ambapo bustani za watu na njia za mbweha zinagusana, na misitu ya mbali ningeiacha.

Halafu kuna mbwa. Kikulacho ki nguoni mwako: mbwa anayekamata panya hupata tegu yule yule, lakini mbweha hulala pangoni na mbwa hulala sebuleni, analamba mikono ya watoto. Uingereza, ambako tegu huyu hajaingia, humtaka mbwa anayetoka nchi nyingi apewe dawa na daktari wa mifugo kati ya saa 24 na 120 kabla ya kufika. Hiyo ndiyo nidhamu ningependa iigwe hata na asiyesafiri. Tegu huhitaji takriban wiki nne tangu panya aliwe mpaka mayai yaanze kutoka. Mbwa mwinda panya anayeishi penye ugonjwa akipewa dawa kila baada ya wiki nne, tegu hufa kabla yai la kwanza halijaanguka kwenye nyasi.