Sauti Iliyotoka Mkobani

Najua mmeshaisikia. Mshikaji wangu kaisambaza tangu tunatoka ukumbini, na kwa jinsi anavyoisimulia yeye, mimi nililia. Sikulia. Macho yalijaa maji kidogo, basi. Tulieni niwape yenyewe, maana yeye kuna mambo kayaongeza na kuna moja kalificha, linalomhusu mwenyewe.

Mtihani wa insha mnaujua: saa tatu kamili hadi saa sita, maswali matatu, kila swali saa yake. Kusoma nasoma. Shida yangu ni kwamba ukiniuliza kuhusu vita ya 1914, mimi naanza na wafalme wa Ulaya, nani mjukuu wa nani, na hadi nifike kwenye mauaji ya Sarajevo msimamizi anakusanya karatasi. Swali la kwanza kurasa nane, la pili kurasa mbili, la tatu naandika namba ya swali na dua.

Muhula huu nikasema hapana. Nikachukua maswali ya miaka ya nyuma nikawa nayajibu kwa saa: dakika kumi kupanga hoja, arobaini na tano kuandika, tano kupitia. Tena saa zilezile za mtihani, kuanzia saa tatu asubuhi, ili mwili uzoee. Simu nikaitegea kengele. Tatizo mlio wa kawaida haunitoi mimi kwenye utangulizi, nausikia naona ni wa jirani. Kwa hiyo nikajirekodi. Sauti yangu mwenyewe, usiku, nikiwa na hasira zangu. Kengele zikawa kadhaa, kila moja na maneno yake, na zote nikazibonyezea “kila siku”. Hiyo “kila siku” ikumbukeni.

Na ilifanya kazi, msicheke. Kwa mara ya kwanza maishani nilianza kufika kwenye hitimisho.

Siku yenyewe nimekuja na kalamu na kitambulisho tu. Simu nikaitumbukiza kwenye mkoba wa mshikaji, mikoba ikapangwa mbele chini ya ubao. Msimamizi ni mhadhiri wa somo lenyewe, huyohuyo anayesahihisha. Akatangaza simu zote zizimwe. Yangu nilikuwa nimeiweka kimya, nikaona yanini kusumbua watu. (Kwa msiojua: simu hata ikiwa kimya, kengele inalia kama kawaida. Mimi nilikuwa nalijua hilo. Ndiyo sababu nilikuwa naiamini.)

Nafunua karatasi, swali la kwanza hilo hapo: mauaji ya Sarajevo yalichangia kwa kiasi gani kuzuka kwa Vita ya Kwanza ya Dunia? Jamani, nilitabasamu peke yangu. Nikaanza kupanga. Princip, kijana Mserbia wa Bosnia, kampiga risasi Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Austria-Hungaria, Juni 28, 1914. Austria-Hungaria inaitangazia Serbia vita Julai 28, mwezi mmoja kamili. Katikati hapo miungano, mbio za silaha, Ujerumani kuipa Austria moyo. Hoja zinajipanga zenyewe.

Saa tatu na dakika kumi.

“WEWE! Dakika kumi zimeisha! Acha kupanga, andika!”

Sasa kitu ambacho mshikaji hakuwaambia, kwa sababu hakukiona: mkono wangu ulitii kabla ya akili. Nilikuwa nimeshaandika “Vita ya Kwanza ya Dunia ilikuwa” ndipo nikagundua kwamba ile sauti haiko kichwani. Na si mimi tu. Dada wa mbele yangu naye alianza kuandika. Ukumbi karibu wote uliacha kupanga.

“WEWE! Dakika kumi zimeisha!” Inarudia. Kengele hairidhiki na mara moja.

Msimamizi akainuka, akaanza kuweka sikio mkoba kwa mkoba. Nikajikausha. Nilikuwa nimeinamia karatasi kiasi kwamba pua ilikuwa inagusa jina langu. Akaupata, akauinua juu. “Huu ni wa nani?”

Mshikaji akasimama bila hata kusitasita. “Mkoba ni wangu, Mwalimu. Sauti ni yake.” Na kidole akaninyooshea.

Msimamizi akanitazama. “Sema neno.”

“Neno gani, Mwalimu?”

Hapo hakuhitaji zaidi. Ukumbi ulicheka hadi yule wa kule nyuma akaangusha rula.

Akaibonyeza simu ikanyamaza, akaitia kwenye bahasha, akaifunga kwa gundi, akaandika namba yangu ya mtihani juu yake na kuiweka mezani kwake. Kielelezo. Nikanyoosha mkono. “Mwalimu, naomba niizime kabisa, kuna jambo…” Akasema, “Kijana, kaa uandike.”

Nikakaa. Nikaandika. Lakini nyie niambieni, utaandikaje vizuri kuhusu mbio za silaha huku unajua saa nne kamili nini kitasemwa, na kitasemwa mbele ya nani? Nikanyoosha mkono tena. Akaniashiria niushushe. Saa ya ukutani ile ina mshale wa sekunde mwekundu, unatetemeka kidogo kabla ya kila hatua. Nilikuwa siujui, sasa naujua kuliko mdogo wangu. Dakika tano kabla, nikawaza kuugua. Dakika mbili kabla, nikaugua kweli, tumbo. Dakika moja kabla, msimamizi akasogeza kiti akaketi palepale kwenye bahasha, akaiegemeza kiwiko.

Bahasha ikatetemeka. Kisha, kwa sauti ya mtu aliyezikwa hai:

“SAA NNE! Funga swali la kwanza! Huyo mzee hasomi utangulizi wako, anahesabu hoja tu!”

Akaitazama bahasha. Akanitazama mimi. Akaanza kuichana, na ile gundi jamani alikuwa kaipaka kwa moyo.

“Na Versailles ni Juni 28, 1919! Siku ileile ya Sarajevo! 1918 ni kusimamisha mapigano, Novemba 11, usichanganye, kichwa maji wewe!”

Swali la pili lilikuwa la mkataba wa Versailles, ule wa amani na Ujerumani baada ya vita.

Mnajua sauti ya kalamu nyingi zikikata neno kwa pamoja? Mimi naijua. Krrap, ukumbi mzima. Na wa kwanza kabisa, kabla hata sauti haijafika kwenye “kichwa maji”, alikuwa mshikaji wangu. Nilimwona kwa macho yangu akiifuta 1918 yake na kuweka 9 juu ya 8. Hilo ndilo alilolificha. Muulizeni.

Bahasha ilikuwa bado haijachanika. “SAA NNE! Funga swali la kwanza! Huyo mzee…” Mara ya tatu “huyo mzee” akawa ameshaitoa simu nje, kwa hiyo hiyo ilisikika safi kabisa, bila karatasi kuizuia. Akaizima. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema tuendelee.

Yaliyofuata sitaki kuyasema sana. Swali la pili nililijibu sijui vipi. Kwenye la tatu kengele haikuwepo, na mimi bila kengele mnanijua: namba ya swali na dua. Kuna kijana wa kule nyuma, saa tano, aliuliza kwa sauti kama ya saa hiyo imeshalia. Matokeo bado, na swali la pili wanasema litajadiliwa, maana darasa zima limeipata tarehe.

Baada ya mtihani tukapelekwa ofisini, kila mmoja akapewa karatasi na nusu saa ya kuandika maelezo yake. Mimi nikaanzia siku niliyojiunga na chuo, nikaeleza historia ya udhaifu wangu katika utangulizi, nikaomba karatasi ya ziada. Muda uliisha nikiwa bado sijafika kwenye simu.

Mshikaji aliandika sentensi yake ileile ya ukumbini, akatia sahihi. Akaambiwa yeye aende.