Forodhani Imependeza, Majumba Je?

Kaa Forodhani, bustani ya ufukweni Mji Mkongwe wa Zanzibar, baada ya magharibi, bahari uipe mgongo. Nyuma yako vijana wanajirusha majini kutoka ukutani, kila mmoja akitaka atazamwe yeye. Pembeni moshi wa mishikaki na mashine ya miwa inayokoroma. Bustani yenyewe haina lawama: Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan uliikarabati, ukuta wa bahari ukajengwa upya, taa zikawekwa, na mwaka 2009 ikafunguliwa tena. Tunaokumbuka giza na matope ya zamani hatuna la kusema ila ahsante.

Sasa tazama mbele. Beit el Ajaib, jumba la Sultani Sayyid Barghash la mwaka 1883, limekaa mkabala na bustani hiyo hiyo. Tarehe 25 Disemba 2020, katikati ya ukarabati, ubavu wake uliporomoka na watu wawili wakafariki. Bustani ilikuwa imeshapendeza miaka kumi na moja, na jirani yake alikuwa anaoza.

Watu husema pesa ndiyo tatizo. Mimi nasema ni maji. Nyumba za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Bati likitoboka, mvua inaingia ukutani, chokaa inalainika, ncha ya boriti iliyozama ukutani inaoza pale pale usipopaona. Halafu anakuja fundi anapiga plasta ya saruji juu ya chokaa, nje kunang'ara, ndani unyevu umefungiwa hauna pa kutokea. Kuziba bati ni kazi ya siku mbili. Kusimamisha ukuta ulioanguka ni kazi ya miaka na wafadhili.

Ndiyo maana sipendi hii tabia ya kuliacha jumba mpaka life, kisha tuseme dawa yake ni mwekezaji. Jumba la Mambo Msiige, mwendo mfupi tu kutoka bustanini, lilikuwa na ofisi za serikali. Tangu 2015 ni sehemu ya hoteli ya Park Hyatt, na kando yake likainuliwa jengo jipya ambalo UNESCO haikulifurahia. Jengo la zamani limepona, sikatai. Lakini jina lenyewe limeshatuusia, na sisi bado tunataka kuiga.

Bustani nzuri inapandisha bei ya kila ukuta unaoitazama. Kwa hiyo anayepewa jumba karibu na Forodhani apewe kwa sharti: chini maduka na mafundi, juu watu waishi, na sehemu ya kodi iende kwenye mapaa ya nyumba za uchochoroni ambazo mtalii hazioni. Mji ulioingizwa Urithi wa Dunia mwaka 2000 uliingizwa na watu wake ndani. Kuna mabaraza pale mbele ya milango, na baraza lisilo na wazee wa kukaa jioni ni tofali tu.

Shangazi yangu anaishi ghorofa ya pili kwenye mojawapo ya nyumba zilizotaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Kodi ni ndogo, hilo analishukuru. Amepeleka barua kwa wenye nyumba, nami nimemwandikia mbili kati ya hizo, akajibiwa asubiri fungu. Nilikwenda kumtazama masika haya. Juu ya dirisha umeota mche wa mtini, mizizi imeshapasua chokaa, na yeye anaukata kwa kisu cha jikoni kila ukichipua. Chini ya dari zilikuwa ndoo mbili. Nilipokuwa naaga akaniambia, "Mwanangu, ukipita sokoni Darajani niletee na ya tatu."