Fundi wa AC, pima chumba kwanza

Hivi kwa nini kumpata fundi wa kubadilisha AC hapa Dar ni mtihani mkubwa namna hii? Anaingia sebuleni, anatupa jicho ukutani, anasema, "Bosi, hapa weka ya BTU 12,000, inatosha." BTU ndiyo kipimo cha nguvu ya AC kupoza, lakini futi kamba hajaitoa. Hajauliza kama dirisha linapigwa na jua la jioni, wala juu ya dari kuna nini. Sasa hiyo "inatosha" imetoka wapi? Mashine ikiwa ndogo itaunguruma kutwa na kumaliza umeme wa luku. Ikiwa kubwa mno inakata mapema, chumba kinabaki na unyevunyevu, na joto la Februari tunalijua.

Kinachonikera zaidi ni pampu ya kunyonya hewa kwenye mabomba kabla ya kufungulia gesi. Wengi hawaji nayo kabisa! Wanafungulia gesi kidogo isukume hewa itoke kwenye mabomba, basi, kazi imekwisha. Unyevu unaobaki mle ndani unaila kompresa, ile mashine inayosukuma gesi, polepole, na siku ikifa fundi hapokei simu.

Halafu hili la "gesi imeisha". Gesi ya AC haitumiki ikaisha kama petroli. Ikipungua, kuna mahali inavuja: tafuta panapovuja, ziba, ndipo ujaze. Kujaza tu kila baada ya miezi michache ni kutuibia.

Ukimwomba mtu akuandikie modeli, urefu wa mabomba ya shaba na dhamana ya kazi yake, anakuona msumbufu. Asiyetaka kuandika, mimi simpi hata advansi.