Mgonjwa Akisema Dawa ya Usingizi Haimshiki

Mtoto wa dada yangu alimwagikiwa uji wa moto akiwa na miaka minne, nyumbani kwao Kaptembwo, hapa Nakuru. Kifua na mkono wa kushoto viliungua. Alilazwa wiki tatu, na kila baada ya siku mbili aliingizwa chumba cha upasuaji kusafishwa kidonda na kufungwa bandeji mpya, akiwa amelazwa usingizi kwa dawa iitwayo ketamini. Siku ya kwanza alitolewa macho yakiwa wazi, yanatazama dari bila kuona. Mara ya sita tulimsikia akilia tukiwa bado kwenye benchi la korido, na alipotoka bandeji ilikuwa haijafika kwenye kiwiko. Dada akamwambia aliyekuwa zamu, "Daktari, huyu mtoto ameizoea dawa, haimshiki tena." Akajibiwa kwamba dawa ya usingizi haizoeleki, kwa sababu hutoka mwilini siku hiyo hiyo.

Tangu hapo nimeisikia kauli ya dada yangu kwa watu wengi, na jibu lake ni lile lile. Jibu lenyewe lina ukweli ndani yake. Lakini linamnyamazisha mtu ambaye ameona kitu cha kweli kwa macho yake.

Kuhusu ketamini, madaktari wenyewe wameandika kwa miongo kadhaa kwamba watoto walioungua, wanaolazwa kwa dawa hiyo tena na tena, huhitaji kipimo kinachopanda. Sehemu ya sababu iko kwenye ini: katika panya, ini lililoizoea ketamini huivunja haraka zaidi. Sehemu nyingine iko kwenye seli za ubongo, na hapo ndipo mazungumzo ya kwenye korido hukatika mapema mno.

Dawa hizi hufanya kazi kupitia vipokezi, ambavyo ni kama milango midogo kwenye utando wa seli. Dawa nyingine za kulaza au kutuliza, kama propofoli, midazolamu na halotheni, huishikilia wazi milango ya GABA, ile inayoituliza seli. Ketamini hufanya kinyume chake: huziba milango ya NMDA, ile inayoiamsha. Sasa, seli haikai tu ikipokea. Ikibanwa muda mrefu, hujirekebisha. Seli za neva za watoto wa panya zilizokaa muda mrefu ndani ya ketamini zimeonekana zikiongeza milango ya NMDA, kana kwamba zinatafuta njia ya kusikia tena. Kwa midazolamu na ndugu zake, matumizi ya muda mrefu huvifanya vipokezi vya GABA visiitikie dawa kama mwanzo. Ndiyo maana mgonjwa aliyetulizwa kwa midazolamu siku nyingi katika wodi ya wagonjwa mahututi mara nyingi huongezewa kipimo ili abaki ametulia. Ndiyo maana pia daktari wa nusukaputi, yaani wa dawa ya usingizi, humuuliza mgonjwa kama anakunywa pombe. Chang'aa ya kila siku hubisha mlango ule ule wa GABA, na anayeificha kwa sababu mama mkwe amesimama pembeni hujiweka hatarini bila kujua.

Basi dada yangu hakukosea kudhani kwamba mwili una kumbukumbu ya dawa. Alichoweza kukosea ni mwelekeo.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, kikundi cha daktari wa nusukaputi Beverley Orser, walichapisha matokeo ya kazi yao kwa panya. Walitoa dozi moja tu, tena ndogo, ya etomideti, dawa ya usingizi ya sindano. Dawa ikaisha mwilini. Lakini vipokezi vya GABA vya aina ya alfa-5, ambavyo ni vingi katika hipokampasi, sehemu ya ubongo inayojenga kumbukumbu, viliongezeka juu ya seli na kubaki hivyo kwa angalau wiki moja. Panya wakawa wazito wa kukumbuka. Vipokezi hivyo vilipozuiwa, kumbukumbu ikarudi.

Hiyo wiki moja ndiyo nisiyoweza kuiachilia. Dawa huondoka kwa saa, seli hubaki zimebadilika kwa siku. Na hapa mabadiliko yanaelekea kinyume na alivyodai dada: seli inakuwa nyepesi zaidi kutulizwa, hata na kemikali ya ubongo wenyewe. Anayesafishwa kidonda kila baada ya siku mbili anarudi mezani kabla wiki haijaisha. Anarudi mara ya tatu, ya nne, ya tano. Kama kitu kama hicho kinatokea kwa binadamu, basi kila dozi inatua kwenye ubongo ambao si ule ulioipokea dozi iliyotangulia. Ninajua ilikuwa panya, na ninajua ketamini inapitia mlango mwingine. Hata hivyo, "imeshatoka mwilini" haiwezi kuwa mwisho wa maelezo.

Upande wa madaktari nao una uzito, na nimeusikiliza. Kwanza, kulia kwa mtoto si ushahidi kwamba ubongo umezoea. Ketamini ya mshipani, miligramu 1 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito, hulaza kwa dakika tano hadi kumi hivi. Kidonda kikiwa kikubwa na mikono ya kukifunga ikiwa miwili tu, dawa itaisha, kazi ikiwa bado katikati. Pili, si dawa zote zinazofanana. Kuna watoto wenye saratani wanaolazwa kwa propofoli kila siku kwa wiki kadhaa wakipigwa mionzi, na ripoti kadhaa hazikuona kipimo chao kikipanda. Tatu, kuna hofu ya wazazi wanaokataa upasuaji wa lazima kwa kuambiwa nusukaputi huharibu akili. Kwa hao kuna jibu zuri: utafiti wa GAS, uliofuatilia watoto wachanga 722 katika nchi saba, haukuona tofauti ya akili walipofika miaka mitano kati ya waliolazwa kwa sevofluraini, dawa ya usingizi ya kuvuta, na waliopigwa ganzi tu wakiwa macho. Lakini ilikuwa mara moja, na kwa kawaida chini ya saa moja. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilipotoa onyo lake Desemba 2016, ilitaja watoto walio chini ya miaka mitatu wanaolazwa zaidi ya saa tatu au kwa kurudiwa. Neno "kurudiwa" lipo pale, na mtoto aliyeungua anaishi ndani ya neno hilo.

Hoja yao nzito kuliko zote ni ya usalama. Mhudumu akiongeza midazolamu au propofoli kwa sababu tu mgonjwa amesema "mimi hainishiki", pumzi inaweza kukatika, na kuna vituo ambavyo mashine ya kufuatilia hewa ya oksijeni ni moja kwa wodi nzima. Hapo nakubaliana nao kabisa. Mgonjwa hana haki ya kujipangia kipimo.

Ana haki ya kuulizwa, na jibu lake kuandikwa. Huku kwetu mtu huungua Nakuru, akahamishiwa Kisumu au Eldoret, na kinachosafiri naye ni karatasi isemayo "GA, hali nzuri", yaani alilazwa usingizi kamili. Dawa gani, kiasi gani, alilala dakika ngapi, aliamkaje: hayo hubaki kwenye faili la huko alikotoka. Daktari mpya huanza na kipimo cha kitabuni, kilichoandikwa kwa ajili ya ubongo unaokutana na dawa kwa mara ya kwanza.

Mara ya nane, sista mmoja wa makamo alichukua daftari la shule la mistari mipana alilokuwa nalo dada, akachora safu kwa kalamu: tarehe, uzito, dawa, miligramu, mshipa au msuli, dakika. Akajaza zile siku alizozipata kwenye faili. Ukitazama safu ya dakika uliona namba zikishuka ilhali miligramu zilikuwa zile zile.

Mwaka uliofuata kovu lilikuwa limekivuta kiwiko na mkono haukunyooka tena, tukapelekwa Kisumu. Daktari wa nusukaputi wa huko alilisoma daftari mara mbili akiwa amesimama. Akauliza kama mtoto alikuwa na dawa nyingine anazotumia, akaagiza ketamini ya kuongezwa kidogo kidogo kwenye dripu na mtu wa kukaa kichwani pake muda wote. Mtoto alilala dakika 45, na mkono ukanyooshwa.