Nilienda kama mgeni, nikarudishwa kundini

Hii ilinikuta Moshi, mwezi wa kwanza tu nimehamishiwa kikazi, mke na mtoto nimewaacha Dodoma. Nilipopanga, mama mwenye nyumba ni Mlutheri wa damu, soprano wa kwaya ya usharika, na mimi ni Mmoraviani wa Tukuyu, basi wiki nzima tunataniana, yeye ananiambia Walutheri wameingia Machame tangu 1893 namjibu shikamoo mama lakini sisi Rungwe ni 1891, nyie wadogo zetu. Akacheka akasema haya Jumapili njoo uone wadogo zenu wanavyoabudu, ila ukifika pitia ofisini kwanza wakuandike, kwetu mgeni hajikalii tu kimya kimya.

Kosa langu la kwanza nililifanya usiku wa kuamkia. Kumbe usharika wanarusha ibada laivu, nikamtumia wife linki, nikamwandikia "kesho angalia, mumeo natambulishwa." Yaani nilimkaribisha mwenyewe, kwa mikono yangu hii.

Asubuhi nikapiga suti, viatu vinawaka. Nafika nje ya ofisi nakuta foleni, watu kama sita hivi, wametulia, wamependeza, wengine wawili wawili. Nkasema duh leo wageni ni wengi, nikaunga mkia. Ndani kuna mzee wa kanisa ana miwani imefungwa uzi mweusi nyuma ya kichwa na kaunta buku lililovikwa gazeti la zamani, anaandika taratibu kama anachonga. Kichwa cha ule ukurasa kilikuwa kimeandikwa kwa herufi kubwa kabisa, ila kwa upande wangu kiko juu chini na mi sikujisumbua.

"Jina?" Nikataja. "Mwenzio yuko wapi?" Nikamwambia Dodoma mzee, kazi. "Watoto?" Mmoja. "Mmekaa muda gani?" Miaka sita. Akasitisha kalamu akaniangalia juu ya miwani, "miaka sita!", akatikisa kichwa, nikajua ananihurumia kuishi mbali na familia, nikamwambia ndo maisha mzee tutafanyaje. "Na umeamua mwenyewe, hakuna aliyekulazimisha?" Nikamjibu kwa kifua kabisa, nimeamua mwenyewe mzee, nimeamka saa 11 alfajiri nikasema leo lazima. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mungu ni wa rehema. Weka sahihi hapa, mkakae benchi la mbele."

Benchi la mbele! Tukuyu mgeni anasimama alipo anapigiwa makofi anakaa, huku nawekwa mbele kama mkuu wa mkoa. Nikakaa nimenyoosha mgongo, nikaitafuta kamera, nikaipata, nikaipa tabasamu dogo.

Liturujia ikaenda vizuri, kwaya ikaimba, mama mwenye nyumba akaniona akashtuka kidogo nikampungia. Yakaja matangazo, na matangazo ya Walutheri jamani ni ibada nyingine ndani ya ibada. Halafu mchungaji akasema, "Sasa nawaalika mbele ndugu zetu saba wanaorudi kundini."

Benchi zima likasimama. Na mimi nikasimama, maana mwili ulishaanza safari kabla akili haijafika. Nilipoelewa nimesikia nini, kwamba hawa ni waliotengwa na kanisa, kama kwa kuishi pamoja bila ndoa, na leo wanatubu wapokelewe tena, nilikuwa nimeshapiga magoti kwenye ile mito myekundu ya madhabahuni, kulia kwangu kuna kijana na mchumba wake wanalia. Nimkatize mchungaji nimwambie samahani mi ni mgeni tu? Mbele ya watu wote wale? Akauliza kama tunatubu kwa moyo, na nikajiuliza hivi kwani mimi sina cha kutubu, ninacho, tena kingi, nikasema ndiyo.

Akapita na mkono wa kila mmoja kichwani. Alipofika kwangu yule mzee wa miwani akamnong'oneza kitu, mchungaji akapaza sauti kwenye maiki: "Na mwenzake ambaye hayupo nasi leo, Bwana umguse hukohuko Dodoma alipo, naye aiache njia ile."

Simu ikatetemeka mfukoni. Ikatetemeka tena. Ikaendelea hivyo mpaka amina, kijana wa pembeni akadhani ni mimi natetemeka akanikumbatia bega.

Tunatoka nje, watu wamejipanga mstari wanashikana mikono wanaimba, na nawaambieni ukweli sijawahi kupokewa vile maishani. Bibi mmoja akanibusu mkono, mzee akaniambia hata yeye alirudi kundini zamani hizo, akina mama wakaniambia mwezi wa 12 kuna ndoa za pamoja hakuna gharama, suti ninayo tayari! Nikaanza kujieleza kwamba nina ndoa, nimefunga kanisani 2019, mimi ni Moravian, na yule mzee wa miwani akaitikia kwa upole, "Aa, kumbe Moravian ndo waliokutenga." Kila nikieleza wanazidi kunifariji. Kwenye mnada wa sadaka kuna baba akanunua jogoo elfu 25, akaja kunikabidhi kwapani, "kaanze upya mwanangu."

Nikiwa na jogoo mkono mmoja nikafungua simu kwa mwingine. Meseji 9 za wife. Ya kwanza "umependeza." Ya pili "mbona umepiga magoti." Ya mwisho: "Huyo mwenzako wa Dodoma ni nani? Maana mimi ni mke wako."

Mama mwenye nyumba ndo aliyeniokoa, akampigia wife laivu akiwa bado na joho la kwaya, kisha akamfuata mzee ofisini. Nilimsikia mzee anavyocheka toka nje, akatoka anafuta machozi, miwani inaning'inia na ule uzi. Akaomba radhi sana. Nikamuuliza jina langu si atalifuta? Akasema lile daftari halifutwi, ila ataandika pembeni. Nikachungulia, pembeni ameandika: "Alikuwa mgeni."

Pasaka wife akaja, tukaenda wote. Yule bibi akatuona tumekaa pamoja, akaitupia macho pete ya wife, akapiga kigelegele katikati ya wimbo wa kuingilia.